Mjadala: Baleti ikimtoa Levin, bado ni Anna Karenina?

Mtoa mada:
Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Mwaka 2005 Boris Eifman, mtunzi wa dansi wa St Petersburg, aliigeuza Anna Karenina, riwaya ya Mrusi Tolstoy, kuwa baleti, yaani hadithi inayosimuliwa kwa dansi bila maneno, kwa muziki wa Tchaikovsky. Uzito wote akaubebesha watu watatu: Anna, mumewe Karenin, na hawara wake Vronsky. Levin, yule mwenye shamba ambaye kitabuni ana uzito sawa na Anna, hayumo. Mimi nasema hapo Tolstoy kakatwa nusu mwili. Ndoa ya Anna inabomoka huku ya Levin na Kitty ikijengwa. Ukiondoa moja, unabaki na mke, mume na hawara.

Someni sehemu ya tatu, Levin anapofyeka majani pamoja na wakulima. Mwanzoni anatumia nguvu nyingi mno, jasho linamtoka, mstari wake umepinda. Baadaye anajisahau, na fyekeo linakwenda lenyewe. Kazi ya mwili yenye mdundo wake tayari, ndiyo mtunzi wa dansi anaiacha?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu yangu, hapana. Kurasa mia nane hivi haziingii katika saa mbili za jukwaani. Na Levin anawaza mno: ardhi, imani, kifo. Baleti haina "kwa sababu" wala "ingawa". Anna yeye anaonekana. Chukua mbio za farasi: Vronsky anakaa vibaya kwenye tandiko, farasi wake Frou-Frou anavunjika mgongo, na kule kwa watazamaji uso wa Anna unabadilika, Karenin akimwangalia. Siri imetoka bila mtu kufungua mdomo. Ndiyo maana mcheza baleti Maya Plisetskaya alimchukua Anna mwaka 1972 pale kwenye ukumbi wa Bolshoi, Moscow, akashiriki kutunga dansi na kumcheza mwenyewe, muziki ukiwa wa mumewe, Rodion Shchedrin. Halafu jina la kitabu ni la nani? La Levin?

Mchangiaji wa pili:
Kaka zangu, mmeisahau meza ya karata. Levin anachukua chaki, anaandika herufi za mwanzo tu za maneno yake. Kitty anaegemeza paji la uso mkononi, anakisia, anaelewa. Naye anajibu kwa herufi. Mapenzi yao yanafungwa hapo, karibu bila neno kamili. Kama Tolstoy mwenyewe aliyapunguza maneno kiasi hicho, nani anasema Levin hachezeki? Mtunzi mwingine wa dansi, John Neumeier, alimrudisha mwaka 2017 kule Hamburg, akampa trekta na nyimbo za mwimbaji Cat Stevens. Trekta silipendi, nasema wazi, ila mkulima yumo.

Mtoa mada:
Dada, umenifungua macho kwa hiyo chaki. Na la farasi nalikubali lote. Lakini kuhusu jina: Anna anakufa mwishoni mwa sehemu ya saba, na Tolstoy anaendelea na ya nane nzima, ambayo zaidi ni ya Levin. Mwaka 1877 Katkov, mhariri wa jarida lililokuwa likiichapisha riwaya, aliikataa sehemu hiyo, akawaambia wasomaji kuwa kwa kifo cha Anna riwaya imekwisha. Tolstoy akaitoa peke yake kama kijitabu. Kwangu mimi, Eifman kamfuata mhariri, kamwacha mwandishi.

Na wewe ndugu yangu wa mwanzo, la fyekeo bado hujanijibu.