Madini ya risasi kwenye juisi ya ukwaju, na maji ni safi: yanatoka wapi?

Swali
Juisi ya ukwaju ya chupa imesoma risasi 0.06 mg kwa kilo. Maji yenyewe yako chini ya 0.01. Inachemshwa kwenye sufuria za alumini za kusubu, inajazwa kwa koki ya shaba ya njano. Nianzie wapi?

Jibu 1
Sufuria. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa juisi nyingi za matunda ni 0.03, hivyo umezidisha mara mbili. Sufuria za kusubu hutoka kwenye chakavu mchanganyiko, vipuri vya injini na redieta zilizolehemiwa kwa risasi vikiwemo. Ukwaju ni mchachu sana, na uchachu ukikutana na moto huvuta madini hayo. Chemsha siki ya asilimia 4 humo kwa saa 2, kisha ipime. Usihangaike kuzisugua: zikishang'aa hutoa zaidi. Hamia sufuria za stenlesi ya daraja la 304.

Jibu 2
Koki usiisahau. Asubuhi chukua mililita 250 za kwanza, mwaga lita 5, chukua tena. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili ikashuka, mkosaji ni koki.

Jibu 3
Chupa za sampuli ziwe za plastiki, zilizooshwa kwa asidi ya nitriki. Sampuli ya maji itiwe asidi hiyo hadi pH (kipimo cha uchachu) iwe chini ya 2, la sivyo risasi hung'ang'ania kuta na jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Huenda hata maji yako si safi hivyo.

Muuliza swali
Maji hayakutiwa asidi. Narudia.