Naomba ushauri: mume wangu mwanajeshi mstaafu anakojoa damu, hataki hospitali
Wapendwa, habari zenu. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani, akakaa Iraki karibu na mashimo ya kuchomea taka, plastiki humo humo. Sasa ana miaka 52. Usiku haishi kuamka, mkojo unatoka kwa matone, na juzi nimeona damu chooni. Nikimwambia aende VA (idara ya Marekani inayohudumia na kutibu wanajeshi wastaafu) anasema ni uchovu tu.

Nasoma kwamba saratani inayogunduliwa zaidi kwa wanajeshi wastaafu wanaotibiwa VA ni ya tezi dume, na sisi weusi hatari yetu ni kubwa zaidi. Sheria ya Marekani ya PACT ya 2022 nayo inatambua baadhi ya saratani, ya figo ikiwemo, kuwa zimetokana na utumishi jeshini, kwa waliovuta moshi ule. Na damu kwenye mkojo si ya kusubiri, hata isipouma.

Kaka zangu mliovaa magwanda, mlianzia wapi: kipimo cha PSA (cha damu, kuangalia tezi dume), au kibofu kuangaliwa kwa kamera? Madai ya fidia tufungue sasa au tungoje majibu? Yeye huwasikiliza wenzake wa jeshini kuliko mimi. Aliyepitia haya na yuko tayari kuongea naye kwa simu, tafadhali aniandikie faragha.