Naomba ushauri: Mpwa wangu anaamini hakuzaliwa na kipaji cha nyatiti

Ndugu wazazi na walimu wa muziki, nawasalimu kutoka Kisumu. Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, anajifunza nyatiti, ala ya jadi ya nyuzi ya Waluo, na kinachonisumbua si vidole vyake bali fikra zake. Nyuzi nane amezizoea, na akipiga kwa mikono pekee hata majirani husimama kumsikiliza. Lakini anapotakiwa kugonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, huku njuga zikilia na yeye mwenyewe akiimba, mdundo humponyoka, naye hukunja uso na kusema kwamba muziki ni wa waliozaliwa nao. Jamaa zetu humwunga mkono wakidai kwamba kipaji hurithiwa. Nadhani nia yao ni kumfariji, ila wanamharibia.

Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, hushauri tusifu juhudi na mbinu za mtoto badala ya akili yake. Nimejaribu, lakini kijana huyu ni mwerevu: nikimsifu kwa kujitahidi tu, anatambua mara moja kwamba wimbo umeharibika.

Waliopitia haya, je, nimwombe mwalimu amfundishe mguu peke yake kwa muda, polepole, bila kuimba, au hilo litamthibitishia kwamba hawezi? Aidha, shule inataka apige kwenye mashindano ya muziki muhula ujao: nimruhusu sasa, au nisubiri kwanza ajiamini?