Mchicha mwekundu una chuma kuliko wa kijani? Naomba ushauri kuhusu kuchagua mbegu

Mama Bustani, Arumeru

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Kikundi chetu cha akina mama kinalima mchicha kwenye mteremko wa Meru, na kwa misimu kadhaa tumekuwa tukitunza mbegu za aina saba. Baadhi ni za kienyeji tulizoachiwa na mama zetu, na nyingine zimetokana na Madiira 1 na Madiira 2, zile aina zilizochaguliwa hapa Tengeru. Wateja wetu, hasa wajawazito, huulizia mchicha mwekundu kwa kuwa wanaamini unaongeza damu. Tulipeleka sampuli ya mwekundu na ya kijani kwenye maabara moja, na majibu yakaonyesha kwamba mwekundu una madini ya chuma karibu mara mbili. Wenzangu sasa wanataka tuache aina zote za kijani. Je, tofauti hiyo ni ya kutegemewa? Na je, wakulima kama sisi tunaweza kuendeleza aina yenye chuma zaidi kwa kuchagua mbegu wenyewe?

Fundi wa Sampuli

Mama Bustani, nakusihi msitupe mbegu yoyote kwa sasa. Nimepima mboga maabara kwa muda mrefu, na jambo ninaloweza kulisema bila kusita ni kwamba wekundu wa mchicha hautokani na chuma. Unatokana na betasianini, rangi ya jamii ileile inayolipa bitiruti wekundu wake, na mmea unaweza kuwa na rangi hiyo tele huku chuma chake kikiwa kidogo, au kinyume chake.

Kuhusu majibu yenu, naomba kujua mambo mawili. Kwanza, hesabu ilitolewa kwa uzito mbichi au mkavu? Majani mabichi ya mchicha ni maji kwa takriban asilimia 91, maana yake gramu 100 zina gramu 9 tu za kitu kikavu. Yakinyauka njiani hadi maji yafike asilimia 85, kila gramu 100 zitakuwa na gramu 15 za kitu kikavu, na chuma kitaonekana kimepanda kwa zaidi ya nusu ilhali mmea haukuongeza hata chembe. Pili, majani yalioshwa vipi? Udongo una chuma kingi mno ukilinganisha na jani, kwa hiyo vumbi kidogo lililogandamana na vinyweleo linatosha kuharibu kipimo kizima. Ndiyo maana wapimaji makini hupima pia alumini au titani, ambazo ni chache sana ndani ya jani lakini ni nyingi kwenye udongo. Zikipanda pamoja na chuma, ujue umepima shamba, hukupima mboga.

Mama Bustani

Ahsante, Fundi. Naona aibu kidogo kujibu. Tuta la mchicha mwekundu liko kando ya barabara ya vumbi na tulichuma saa sita mchana. Wa kijani tuliuchuma asubuhi karibu na mfereji, tukauosha papo hapo. Majibu yameandikwa kwa uzito mbichi. Basi ina maana mbegu zenyewe hazitofautiani?

Mbegu Kwanza

Zinatofautiana, Mama, tena sana, na bila tofauti hizo kazi ya kuboresha mchicha isingekuwepo. Jenasi ya mchicha ina spishi zipatazo 60 au zaidi, na benki ya mbegu iliyoko Ames, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, peke yake imehifadhi sampuli zaidi ya 3,000. Sampuli nyingi zinapopandwa pamoja huonekana kutofautiana katika chuma, zinki, kalsiamu, vitamini C na viini vya vitamini A. Ugumu ni kujua ni sehemu gani ya tofauti hiyo inarithiwa, kwa kuwa mbegu hairithi samadi iliyomwagiwa mama yake.

Pandeni aina zote saba siku moja, kila aina ikiwa na vijituta vitatu au vinne vilivyotawanywa kwa kupiga kura, ili aina moja isije ikapendelewa kwa kukaa karibu na mfereji. Chumeni siku moja, mimea ikiwa na umri uleule na majani yakitoka sehemu ileile ya shina, kwa sababu jani changa na jani komavu la mmea mmoja hazina madini sawa. Naweni mikono kabla ya kuyagusa majani (hili ninalisema kwa uzoefu), osheni majani kwa maji safi, na ombeni majibu kwa uzito mkavu. Kisha rudieni kiangazi. Aina inayobaki juu masika na kiangazi ndiyo ya kuitilia maanani. Inayoongoza msimu mmoja na kuanguka mwingine imebebwa na mazingira.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni mavuno. Mara nyingi mmea unaotoa majani mengi huwa na madini hafifu kwa kila gramu, kwa kuwa kile kilichofyonzwa na mizizi kimegawanywa kwenye wingi wa majani. Kwa maoni yangu, kwa mkulima ni bora kupiga hesabu ya kiwango cha chuma mara uzito wa mavuno ya tuta zima kuliko kushangilia mmea dhaifu wenye namba nzuri kwenye karatasi.

Hata hivyo, msiudharau wekundu, kwani una kazi yake katika kuzalisha mbegu chotara. Maua ya mchicha ni madogo mno kuondolewa chavua kwa mkono bila kukosea, na mmea hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa. Mzalishaji hutumia mmea wa kijani kama mama na mwekundu kama baba. Kwa kuwa wekundu kwa kawaida huutawala ukijani, miche itakayoota na vishina vyekundu ndiyo chotara, na ya kijani imetokana na mama kujichavusha, hivyo hung'olewa mapema. Angalieni tu msichanganye spishi ovyo: kati ya spishi za mchicha, Amaranthus dubius ina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 64 wakati Amaranthus cruentus ina 34, na watoto wa ndoa kama hiyo huwa tasa.

Lengalenga wa Bukavu

Mama, kwetu Bukavu mboga hii tunaiita lengalenga, na mimi ni mtu wa lishe, si wa mbegu. Majedwali ya vyakula ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za majani mabichi zina takriban miligramu 2.3 za chuma, 215 za kalsiamu na 43 za vitamini C. Namba hizo zinavutia, lakini si zote zinazofika mwilini. Oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani, hufunga sehemu kubwa ya kalsiamu, na chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Kwa hiyo, mkipata pesa ya kipimo cha ziada, pimeni oksaleti pia. Aina yenye kalsiamu ya wastani na oksaleti kidogo inaweza kumfaa mlaji kuliko ile yenye kalsiamu nyingi iliyofungwa. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti, ila huondoa pia vitamini C, ambayo ndiyo husaidia chuma kufyonzwa. Wajawazito wenu wakamulie ndimu mezani, na dawa za chuma walizopewa kliniki wasiziache kwa sababu ya mchicha.

Mama Bustani

Nimewasomea wenzangu yote haya, na aina za kijani zitabaki. Tutapanda vijituta vinne kwa kila aina. Swali dogo: mpakani mwetu kuna mchicha pori mwingi. Tuuache?

Mbegu Kwanza

Ung'oeni kabla haujachanua, kwa sababu chavua yake husafiri na upepo. Na kwenye kila aina, chagueni mimea kadhaa ya mbegu na mfunike masuke yake kwa mifuko ya karatasi kabla maua hayajafunguka. Msitumie nailoni, itaozesha mbegu.