Kifungua kinywa cha kuoka kwa wageni wanane: niloweke usiku nioke asubuhi, au nioke kabisa jana yake?

KijikoKikubwa

Wadau, habari za jioni. Jumamosi nina wageni wanane wanaolala kwangu, na Jumapili asubuhi nataka wale kitu cha kushibisha kabla hawajaondoka. Nimechoka kukaanga yai la mtu mmoja mmoja, wa kwanza ameshamaliza kula na wa mwisho bado anaangalia sahani tupu. Safari hii nataka chombo kimoja kikubwa kitoke kwenye oveni, kila mtu akatiwe kipande chake, na mimi niketi.

Nilichonacho ni bakuli la kuokea la glasi, sentimita 23 kwa 33, na oveni moja. Ndani nafikiria mayai, soseji, vitunguu, hoho, uyoga, jibini juu. Ila kuna mgeni mmoja hali nyama.

Nimekwama hapa: nipange kila kitu usiku kikiwa kibichi, kilale kwenye friji, nioke asubuhi? Au nioke kabisa Jumamosi mchana, Jumapili nipashe tu moto? Na tena sijaamua kama chini niweke mkate au viazi. Waliowahi kufanya, naomba mnisaidie.

---

MamaWaTrei

Dada, loweka usiku. Kwa mkate hakuna mjadala.

Sababu ni kwamba mkate unahitaji muda wa kunywa. Ukimimina mayai na maziwa juu ya mkate na kuoka hapo hapo, vipande vya juu vinakauka kama vya kubanikwa, vya chini vinaogelea, na katikati ya kila kipande unakuta pakavu peupe. Ukiuacha kwa muda wa saa 8 hadi 12 kwenye friji, mchanganyiko unaingia hadi ndani, na ukioka unapata kitu kimoja kilichoshikana, laini ndani na chenye ganda juu.

Kwa chombo chako mimi natumia mkate kama gramu 400, mayai 8 makubwa (10 ukipenda kiwe kizito), na maziwa mililita 600. Mkate uwe wa jana au juzi. Kama ni mbichi, ukate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, utandaze kwenye trei na uuweke kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 15 mpaka ukauke bila kubadilika rangi. Usiruke hatua hii. Mkate laini ukilala ndani ya maziwa usiku kucha unageuka uji, na uji uliookwa si chakula cha kumwekea mgeni.

Soseji kaanga ziive kabisa, usitegemee oveni iziivishe. Mboga nazo kaanga mpaka maji yake yakauke. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, acha vipoe kabla hujachanganya na mayai mabichi.

Kwa asiyekula nyama, weka soseji upande mmoja tu wa bakuli na uchomeke kijiti cha meno mpakani. Ukiweza kupata kibakuli kidogo cha pembeni ni bora zaidi, maana mafuta ya soseji hayajui mpaka.

---

Kiporo_Si_Dhambi

Mimi naenda kinyume na Mama hapo juu. Tatizo la asubuhi ya wageni ni muda, na kinachotoka kwenye friji kikiwa kibichi kinataka karibu saa nzima ndani ya oveni. Hapo bado hujahesabu oveni kupata moto, na dakika 10 za kukiacha kitulie kabla ya kukata. Mgeni akiamka saa 1 na ana safari saa 2, unafanyaje?

Mimi naoka jana yake. Kikipoa nafunika na kuweka kwenye friji, na asubuhi nakata vipande kikiwa baridi. Kinakatika vizuri ajabu, kingo zimenyooka, hakuna kinachomwagika. Napanga vipande kwenye trei, nafunika na foili, oveni nyuzi 160, dakika 20 hivi. Wakati huo mimi nimeshaoga.

---

MamaWaTrei

@Kiporo_Si_Dhambi nakubali kwenye kukata. Ila sema ukweli wote: yai likipikwa mara mbili linakaza na kutoa maji. Hujaona kale kamaji chini ya kipande?

---

Kiporo_Si_Dhambi

Nimekaona. Kanatokea zaidi ukizidisha moto mara ya kwanza. Dawa yake ni kutoa bakuli mara tu katikati inaposhika, usingoje ivimbe kama puto. Na usipashe kwa moto mkali. Lakini ndiyo, ukila vipande viwili pamoja, kile cha asubuhi ile na kile cha jana, utavitofautisha. Swali ni kama wageni wanane wenye njaa watavitofautisha.

---

ViaziKwanza

Wakuu, mnajadili mkate peke yake, na mwenye mada ameuliza pia viazi. Jibu la viazi ni tofauti kabisa, na ndilo litakalomwamulia.

Kiazi hakinywi mayai. Hata ukiviacha pamoja usiku mzima, kiazi kinabaki kiazi na yai linabaki yai. Kwa hiyo ile faida yote ya kuloweka aliyoisema MamaWaTrei, kwenye viazi haipo. Hasara ndiyo ipo: viazi vibichi vilivyokwaruzwa vinatoa maji, na vikikaa wazi vinageuka rangi, kwanza pinki, halafu kahawia, halafu kijivu cha kutisha. Asubuhi unafunua bakuli unaona kama saruji.

Ukitaka viazi, fanya hivi. Jana yake vichemshe vikiwa na maganda mpaka kisu kipite kwa shida kidogo, vipoze, viweke kwenye friji. Asubuhi vimenye, vikate au vikwaruze, vikaange viwe na rangi, mimina mayai, oka. Dakika 30 hadi 35 zinatosha kwa sababu kila kitu tayari kimeiva isipokuwa mayai. Viazi baridi vilivyochemshwa jana yake vinakaangika vizuri zaidi kuliko vya moto, havivunjikivunjiki.

Maziwa kwenye toleo hili yawe machache, kikombe kimoja tu kwa mayai 10, maana hakuna mkate wa kuyanywa.

---

Mtulivu77

Mbona mnahangaika na friji? Mimi nafunika na taulo naacha mezani usiku, asubuhi naoka. Miaka yote, sijaumwa.

---

ViaziKwanza

Hapana ndugu yangu, hapo usimpeleke mwenzio. Mayai mabichi na maziwa kwenye joto la chumba usiku kucha ni kuwafugia bakteria. Kiasi kinachokubalika ni saa 2 nje ya friji, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 ni saa 1 tu. Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Na usijidanganye kwamba moto wa asubuhi utafuta kila kitu: kuna bakteria wanaoacha sumu isiyovunjika kwa kuokwa. Hujaumwa wewe, sawa. Wageni wanane si tumbo moja.

---

Mtulivu77

Nimesikia mkuu. Taulo limestaafu.

---

GlasiIlivunjika

Jina langu linajieleza. KijikoKikubwa, umesema bakuli ni la glasi. Nilitoa langu kwenye friji nikaliingiza moja kwa moja kwenye oveni iliyokuwa nyuzi 200. Nilisikia mlio mmoja tu. Mayai kumi chini ya oveni, vigae vya glasi ndani ya soseji, na wageni wamekaa mezani wameshika uma.

Glasi haipendi kurukishwa kutoka baridi kali kwenda moto mkali. Sasa hivi natumia bakuli la chuma kwa chochote kinacholala kwenye friji. Kama huna, litoe wakati unawasha oveni, likae nje dakika 20 hadi 30 kwenye kitambaa kikavu, lisiwekwe juu ya jiwe baridi wala sehemu yenye maji. Halafu usiliweke juu ya trei iliyokwisha kupata moto. Hata hivyo kwa chuma unalala usingizi.

---

Bi_Sukari

Swali la pembeni: kuna anayeoka oti badala ya mayai na soseji? Oti, maziwa, ndizi, mdalasini. Nyepesi kuandaa na asiyekula nyama hatengwi.

---

MamaWaTrei

Naoka. Oti zinalowekeka vizuri, ila bekingi pauda usiichanganye usiku. Ikigusa majimaji inaanza kazi, na asubuhi imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Vikavu changanya kwenye chombo kimoja, majimaji kingine, asubuhi unaunganisha kwa dakika moja. Ila usidanganyike, walaji wa soseji wataizunguka hiyo oti kama mtu anayepita mtaa wa anayemdai.

---

KijikoKikubwa

Nimecheka hadi mwenye nyumba kaniuliza. Asanteni. Naona kumbe nilikuwa nauliza maswali mawili kama swali moja. Nikienda na mkate, niloweke. Nikienda na viazi, nichemshe tu jana yake. Wageni wangu hawana haraka, wanaondoka saa 5. Naenda na mkate. Bakuli la chuma nitaazima kwa shemeji.

Lakini nitajuaje katikati imeiva? Naogopa kukata nikute mayai yanatiririka.

---

ViaziKwanza

Kama una kipimajoto cha jikoni, kichome katikati kabisa, si pembeni. Mayai peke yake ni nyuzi 71. Kwa kuwa lako lina nyama, ngoja 74. Huna kipimajoto? Chomeka kisu katikati, kikitoka na ute uliolegea rudisha ndani, kikitoka na unyevu tu bila yai bichi, toa. Pia tikisa bakuli kidogo: katikati icheze kama mtindi mgando, isicheze kama maji.

---

Kiporo_Si_Dhambi

Nyuzi 180, na dakika 30 za kwanza funika na foili, halafu funua ipate rangi. Foili ipake mafuta upande wa ndani, la sivyo jibini lako lote litaondoka nayo. Jibini nusu changanya ndani, nusu weka juu ukishafunua.

Na ukibakiza, usikione haya. Kiweke kwenye friji, kinakaa siku 3 hadi 4. Vipande vinagandishika pia, toleo la mkate linavumilia friza kuliko la viazi, viazi vikiyeyuka vinakuwa na chengachenga na maji.

---

KijikoKikubwa (Jumatatu)

Nimerudi na ripoti. Mkate gramu 400 nilioukausha, mayai 9 (la kumi lilianguka), maziwa mililita 600, soseji 6, uyoga na hoho nilivyokaanga mpaka vikatulia. Vililala kwenye friji kwa muda wa saa 10.

Kilichonishinda kidogo ni muda. Mlisema karibu saa nzima, mimi nilitumia saa 1 na dakika 10, kwa sababu nilikitoa kwenye friji na kukiingiza palepale, bakuli la chuma likinipa kiburi. Pembeni pameshika, katikati bado pabichi. Nilirudishia foili juu isiungue, nikasubiri. Wageni walikunywa chai mara mbili.

Asiyekula nyama nilimwokea kibakuli chake pembeni, na hapo nilikosea hesabu: wanne walitaka kuonja cha kwake, akabaki na kipande cha kidole.

---

MamaWaTrei

Pole, ila hongera. Hiyo katikati mbichi, safari ijayo usikijaze hadi ukingoni. Kina cha sentimita 4 kinatosha, ukizidi hapo baridi ya katikati inachelewa kutoka. Kinachobaki mimina kwenye kibakuli cha pili.

---

GlasiIlivunjika

Na shemeji mrudishie bakuli lake likiwa na kipande ndani.

---

KijikoKikubwa

Hakuna kipande kilichobaki. Nitaloweka kingine Ijumaa.