Mjadala: Maafa yakivuka mpaka wa wilaya, nani ashike usukani?

Mleta mada: Sera ya maafa ya Uganda ya 2010 imeweka kamati ya maafa katika kila wilaya. Kampala kuna NECOC, kituo cha taifa cha kuratibu dharura, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Katikati hapo hakuna kitu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliruhusu serikali za mikoa, lakini hadi leo hazijaundwa. Baada ya maporomoko ya udongo ya Bududa 2018 na Bulambuli Novemba 2024, je, tuwe na kituo cha kanda kinachounganisha raia na jeshi? Na mkubwa wake awe nani?

Gwanda: Mkubwa awe jeshi. Ndilo lenye malori, wahandisi na vijana wanaoamka usiku wakiitwa mara moja. CAO, yaani mtendaji mkuu wa wilaya, ana pikapu moja na dereva yuko likizo. RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, tayari anaongoza kamati ya usalama ya wilaya, na wakati wa korona aliongoza kikosi kazi. Ofisi mpya ya nini?

Bohari: Afande, kuwa na lori si kuwa na amri. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaitaka UPDF, jeshi la Uganda, ishirikiane na mamlaka ya kiraia wakati wa dharura na maafa. Tatizo liko kwenye barua. Wilaya ikiandika "tunaomba msaada wa jeshi", kamanda alete nini? Barua itaje kazi, mahali, idadi ya watu, tarehe ya mwisho, nani atawapokea na nani analipa mafuta. Hapo kwenye mafuta ndipo mambo hukwama: lori ni la jeshi, dizeli haimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Kisha kuna kambi ya waliohama makwao. Watu 1,000 kwa lita 15 kila mmoja ni lita 15,000 kwa siku, yaani bauza la lita 10,000 lipande mara mbili, barabara ikiwa nzima. Vyoo: siku za kwanza kimoja kwa watu 50, baadaye kimoja kwa 20, hivyo unaanza na 20 unamalizia 50. Wanajeshi wakiandikisha kwa hema na wilaya ikiandikisha kwa kaya, mgao wa chakula utatoka mara mbili kwa wengine na wengine watakosa. Daftari liwe moja, na kalamu ishikwe na raia.

Gwanda: Daftari sawa. Lakini kwenye mteremko uliolowa raia asiniamrishe kupeleka katapila. Uzito wake na mtikisiko vinaweza kuangusha kipande kingine. Hapo ni majembe, kamba, na mtu mmoja amesimama juu anatazama nyufa na kupiga filimbi.

Bohari: Hilo hakuna anayebisha. Namna ya kufanya kazi ni yako. Kazi ipi ianze, hiyo si yako.

Bonde: Mnagombania kiti kabla ya kujua meza iko wapi. Kanda ipi? Mvua inanyesha Bududa, Mto Manafwa unafurika Butaleja kwenye mashamba ya mpunga. Bududa iko eneo la Bugisu, Butaleja iko eneo la Bukedi. Serikali ya mkoa ikifuata mipaka ya makabila, mto utapita katikati yake kama zamani. Wizara ya Maji tayari imegawa nchi katika kanda nne kwa kufuata mabonde ya mito, na kanda ya Kyoga ina ofisi Mbale. Dawati la kuratibu maafa liwekwe hapo.

Liwe na redio ya polisi, ya jeshi na ya Msalaba Mwekundu juu ya meza moja, maana kila mmoja yuko kwenye masafa yake. Msomaji wa kipimo cha maji darajani apige simu kwa dawati, si kwa wilaya yake tu. Simu isiwe njia pekee: umeme ukikatika na betri za mnara zikiisha, ndio basi. Mazoezi yafanyike Februari na Julai, kabla mvua hazijaanza.

Gwanda: Nani alipe? Bonde halina bajeti.

Bohari: Sheria ya fedha za umma ya 2015 inajaza Mfuko wa Dharura kwa asilimia 0.5 ya bajeti ya mwaka uliotangulia, ila fedha hizo ziko Kampala. Kwa saa 72 za kwanza, kila wilaya ya bonde isaini mkataba na kituo cha mafuta Julai, mwaka wa fedha unapoanza: bei imekubaliwa, kiwango cha juu kimeandikwa, na lori lolote lenye hati ya dawati linajaziwa, liwe la raia au la jeshi.