Msaada: RV, watoto watatu na bibi yao, Las Vegas mpaka Grand Canyon siku 10, tuanzie wapi?

MamaWatatu

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana kichwa kimejaa. Mwezi wa 6 watoto wakifunga shule tunataka kupanda ndege kutoka Ohio mpaka Las Vegas, tukodi RV pale (lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani), tuzunguke siku 10 afu tuirudishe palepale. Tupo sita, mimi na baba watoto, watoto watatu (miaka 10, 7 na 2) na mama mkwe wangu tunayeishi naye, ana miaka 68, anatembea vizuri ila akichoka anachoka kweli.

Kwenye karatasi yangu nimeandika hifadhi za Zion, Bryce Canyon, Arches, Monument Valley, Antelope Canyon, Grand Canyon, na huyu wa miaka 10 analilia Yellowstone kwa sababu ya zile chemchemi za maji moto walizosoma darasani. RV niliyoiona ni ya futi 30, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, wanasema inalaza watu 7. Mume wangu hajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko minivani.

Sasa, futi 30 ni sawa au kubwa mno? Sehemu za kulala tubuku lini? Watoto wanakaa wapi gari likitembea, maana nimeona picha za watu wanacheza karata mezani huku gari linaenda na roho yangu imekataa kabisa. Na hayo mambo ya choo yanakuwaje? Hela ya hii safari tumeidunduliza miaka 3, sitaki iharibike kwa kitu ambacho ningeuliza tu nikaambiwa.

Mzee_wa_Barabara

Mwanangu karibu. Mimi ni dereva wa lori mwaka wa 14 huu, na RV nimekodi mara nne na wajukuu, kwa hiyo nisikilize kwa utaratibu.

Kwanza toa Yellowstone kwenye karatasi. Kutoka Las Vegas kwenda tu ni zaidi ya maili 700, na RV haiendi kama minivani, ukijumlisha kujaza mafuta, mtoto kutaka choo, upepo unaokusukuma pembeni, maili 200 kwa siku zinatosha na 250 ndo mwisho. Mwambie kijana Yellowstone ina safari yake siku nyingine. Arches na Monument Valley nazo ningezitoa, ingawa najua inauma. Ukibaki na Las Vegas, Zion, Bryce, Page (mji wa kwendea Antelope Canyon) na Grand Canyon kisha kurudi, ni kama maili 860, weka 950 na mizunguko midogo. RV ya hivyo inakula galoni moja kwa maili 8 mpaka 10, piga hesabu ni galoni kama 105, galoni ikiwa dola 4 hiyo ni dola 420 za mafuta. Na uliza mkataba wako unahesabu vipi maili, wengi wanakupa maili chache za bure afu kila inayozidi unalipa, na jenereta nayo inalipiwa kwa saa. Bei ya usiku mmoja unayoiona kwenye tangazo siyo utakayolipa mwisho.

Pili, na hili ndo kubwa kuliko yote. Kabla hujalipa hata senti, waulize wenye gari namba tatu: urefu, upana na kimo. Kimo wakupimie mpaka juu ya kiyoyozi, siyo mpaka kwenye paa. Ziandike kwenye karatasi ubandike mbele ya dereva. Hizo namba ndo zitapanga safari yako, siyo karatasi yako ya sehemu za kutembelea. Mfano ni handaki la Zion, lile la kutoka Zion kwenda upande wa Bryce. Lilimalizwa 1930, wakati magari ni madogo, urefu wake maili 1.1. Zamani RV ilikuwa inalipiwa dola 15 wanasimamisha magari ya upande wa pili mnapita katikati. Hiyo imekwisha, hifadhi ilitangaza kwamba kuanzia Juni 2026 gari lenye kimo cha zaidi ya futi 11 na inchi 4, au upana wa zaidi ya futi 7 na inchi 10, au urefu wa zaidi ya futi 35 na inchi 9, halipiti tena. Hiyo yako ya futi 30 kwa urefu ingepita, lakini RV za aina hiyo karibu zote zinazidi futi 8 kwa upana, kwa hiyo hesabu kwamba hupiti. Na simu itakupeleka hapohapo kwa sababu haijui unaendesha nini! Toka Springdale, mji wa getini Zion, rudi Hurricane, shika njia ya Colorado City mpaka Fredonia, panda Kanab, kisha barabara ya 89 kwenda kaskazini. Ukitoka Hurricane kuna mlima mkali, mume wako apange gia ya chini asikanyage tu.

Mume wako siku ya kwanza asitoke Las Vegas moja kwa moja. Aende kwenye eneo kubwa la wazi la kupaki, afanye mazoezi saa nzima. Aangalie mkia wa gari, ukikata kona kushoto mkia unatupwa kulia, hapo ndo watu wanagonga nguzo za kituo cha mafuta. Kurudi nyuma asirudi hata hatua moja bila mtu mzima amesimama nyuma upande anaoonekana kwenye kioo, na asipomuona asimame.

Usiku msitembee. Kule Navajo, ardhi ya wenyeji wa asili wa Kinavajo, mifugo inavuka barabara na karibu na Grand Canyon kuna elki, kulungu wakubwa karibu kama ng'ombe.

Dada_Tumaini

Mzee kamaliza kwenye barabara, mimi niongeze ya kulala na ya kiingilio maana tumefanya hiyo njia na watoto wawili.

Dada, kwanza huyo wa miaka 10 yupo darasa la 4? Kama yupo, ingia kwenye programu inaitwa Every Kid Outdoors, anapewa pasi ya bure ya mwaka wa masomo mpaka mwisho wa Agosti, inaingiza gari lenu lote kwenye hifadhi za taifa. Iprinti kwenye karatasi, usitegemee picha kwenye simu. Kama hayupo darasa la 4 nunua pasi ya mwaka ya dola 80, maana Zion, Bryce na Grand Canyon ukilipia moja moja, jumla ni hela zaidi ya hiyo. Na wote watu wazima mbebe vitambulisho vya Marekani, tangu Januari 2026 bei ya dola 80 ni ya wakaaji, mgeni wa kutoka nje pasi yake ni dola 250.

Kulala sasa. Sehemu nyingi ndani ya hifadhi zinafunguliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov miezi 6 kabla, kwa hiyo kama ni Juni unatakiwa kuwa macho Desemba, na nikisema macho namaanisha umekaa na kompyuta dakika ileile wanafungua maana zinaisha haraka mno. Zion tafuta kambi ya Watchman, ina umeme. Usikubali Zion bila umeme mwezi wa 6, joto linaweza kupita digrii 100 za Farenhaiti, na jenereta hairuhusiwi kuwaka muda wote, mtoto wa miaka 2 na bibi watateseka. Bryce ni kinyume kabisa, ipo juu sana, kingo zake ni futi 8,000 mpaka 9,000, usiku wa Juni unavaa sweta, hapo unaweza kulala bila umeme ukitaka au nje ya geti kwa watu binafsi. Page kuna kambi ya Wahweap kando ya Ziwa Powell, ina maji, umeme na bomba la maji machafu, pumzikeni hapo siku 2 watoto waogelee. Grand Canyon upande wa kusini kuna kambi mbili, Mather haina umeme na mwisho ni futi 30, Trailer Village ina kila kitu na inachukua mpaka futi 50. Kwa familia yenu nenda Trailer Village, ila hiyo haipo kwenye Recreation.gov, inabukiwa kwenye tovuti yake.

Ukiona umeme umeandikwa 30, maana yake ampia 30, ni kama wati 3,600 tu. Kiyoyozi kinawaka, mmoja anawasha maikrowevu, umeme unakatika. Siyo ubovu wa gari, zima kimoja.

Kitu kingine ambacho nusura kitukoseshe Antelope Canyon ni saa. Utah ipo saa moja mbele ya Las Vegas. Arizona haibadilishi saa kiangazi kwa hiyo Juni inalingana na Las Vegas, lakini ardhi ya Navajo wanabadilisha, kwa hiyo wao wapo sawa na Utah, ilhali Page yenyewe inafuata Arizona! Simu ilikuwa inaruka mbele na nyuma mchana kutwa. Antelope huingii bila kiongozi wa Kinavajo, na ukichelewa kundi limeondoka. Ukibuku uliza "saa 4 asubuhi ya wapi", kisha zima ile ya simu kujirekebisha saa yenyewe.

Zion ukishapaki usiiguse tena RV. Ile barabara ya ndani ya bonde magari binafsi hayaingii msimu wa mabasi, unapanda basi la bure la hifadhi, Watchman mnatembea kwa miguu mpaka kituoni. Bryce pia, magari ya zaidi ya futi 23 yanakatazwa kwenye maegesho ya vituo maarufu mchana, pandeni basi.

NesiWaZamu

Naongelea viti vya watoto tu, maana nafanya kazi wodi ya majeruhi na hili nalisema kwa moyo wote. Roho yako imekataa na ipo sahihi. Gari likitembea kila mtu amekaa, amefunga mkanda, hakuna wa kulala kitanda cha juu, hakuna wa kwenda friji, hakuna wa kwenda choo. Simameni.

Kiti cha mtoto wa miaka 2 kinafungwa kwenye kiti cha gari kinachotazama mbele. Siyo lile benchi la pembeni, na siyo kiti cha mezani kinachotazama nyuma. RV nyingi zina nafasi chache sana za namna hiyo, zile "inalaza 7" ni vitanda, haimaanishi watu 7 wanasafiri salama. Waombe picha ya kila mkanda na uulize una mkanda wa begani au wa kiunoni tu, na kama kuna ndoano ya kushikia kamba ya juu ya kiti cha mtoto. Wa miaka 7 kama anatumia busta anahitaji mkanda wa begani. Kama nafasi hazitoshi kodini RV ndogo pamoja na gari la kawaida, watoto wakae kwenye gari. Gharama inaongezeka, lakini pia mnapata gari la kuzungukia na handaki la Zion gari dogo linapita.

Na hakikisheni king'ora cha gesi ya sumu kinalia mkikibonyeza kabla hamjatoka kwa mwenye gari.

KijanaWaTanki

Choo. Chini kuna matanki matatu, maji safi, maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Sisi safari ya kwanza tulipata eneo lenye bomba la maji machafu tukaunganisha mpira tukaacha valvu ya choo wazi siku 3, tukidhani ndo vizuri. Maji yote yalitiririka, uchafu mzito ukabaki chini ukakauka, harufu tuliishi nayo mpaka mwisho wa safari. Valvu ya choo ifungwe muda wote, subiri tanki lifike kama theluthi mbili ndo umwage, kwanza la choo kisha la maji ya kuogea ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Glavu, karatasi za choo za RV, na kila mkiflashi muache maji mengi. Mpira wa maji ya kunywa usikae boksi moja na wa maji machafu, kamwe.

MamaWatatu

Shikamoo Mzee, na asanteni sana wote, nimesoma na mume wangu usiku mzima. Yellowstone, Arches na Monument Valley nimezifuta. Kijana yupo darasa la 4 kweli! Kwa waliokuwa wanatukodisha nimeuliza mikanda, yenye kutazama mbele ipo mitatu tu ukihesabu na ya dereva, kwa hiyo tumeamua RV ya futi 25 na gari dogo, mimi naendesha gari na watoto na bibi yao.

Swali la mwisho. Mama ana presha, anameza dawa. Huko juu Grand Canyon atakuwa sawa? Ndo sehemu pekee aliyoiomba mwenyewe.

NesiWaZamu

Ukingo wa kusini ni kama futi 7,000 na Bryce ni juu zaidi, kwa hiyo aonane na daktari wake kabla hamjakata tiketi, amwambie hizo namba mbili. Beba kipimo cha presha na dawa za siku za ziada, zikae kwenye begi la mkononi. Siku ya kwanza huko juu asipange chochote, anywe maji, apumzike. Akipata maumivu ya kifua au pumzi kukata, piga 911 hapohapo, msisubiri.

Dada_Tumaini

Na hana haja ya kushuka bondeni. Kutoka Mather Point mpaka makumbusho ya Yavapai ni maili 0.7, njia ya lami kando ya ukingo, mabasi ya bure yapo ncha zote mbili akichoka anapanda. Sisi mama yetu tulimpeleka jioni, saa moja kabla ya jua kuzama. Mbebeeni koti, upepo wa pale ukianza ni baridi.

Mzee_wa_Barabara

Marahaba mwanangu. Mkitoka Page shukeni na 89 mpaka Cameron kisha mkate kulia, mtaingilia Desert View. Simama kwenye ule mnara wa mawe wa 1932, hapo ndo mama ataliona bonde mara ya kwanza. Futi 25 inapaki bila shida.